Mkono wa Mashine

Betri ikioza ndani ya chombo hutoa harufu ambayo ukishaijua huwezi kuisahau. Ni harufu ya kutu na chumvi, yenye ukali kidogo puani, kama limau lililosahauliwa juu ya kisu. Ninyi wa rika langu mliokulia milima ya Masisi mnaifahamu. Sisi betri tuliziita majiwe, na majiwe yakichoka hatukuyatupa. Tuliyaanika juu ya bati kama mihogo, tukayauma kwa meno, tukayarudisha kwenye redio, nayo yakatupa habari za vita mpaka katikati kabla hayajazimika tena.

Juzi, baada ya matanga ya Papa, baba yangu, Mama alinipa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. "Chukua," aliniambia. "Mi siwezi kuishi nayo tena mu nyumba." Harufu ile ilinifikia kabla sijafungua fundo, na nikajua ni nini kilichomo. Nilikaa chini mlangoni, mimi mwanamke mzima mwenye watoto, nikalia kuliko nilivyolia makaburini.

Papa alikuwa directeur, yaani mwalimu mkuu, wa shule ya msingi, Nyabiondo. Mchezo wa sataranji alijifunza ujanani, seminari ndogo, akarudi nao kijijini akawafundisha walimu wenzake, kisha vijana, kisha mtu yeyote aliyekubali kukaa. Kete alizichonga mwenyewe. Kwa Kifaransa mchezo ule unaitwa échecs, na hapo ndipo fujo ya kichwa changu ilipoanzia, kwa maana neno lile nililijua kutoka mahali pengine. Mwisho wa mwaka, kwenye bulletin, ile ripoti ya shule, mtoto aliyeanguka aliandikiwa échec kwa wino mwekundu. Aliyeandikiwa hivyo alirudia darasa, na njiani kwenda nyumbani hakusemeshwa na mtu.

Kwa hiyo, nilipomwona Papa, mtu aliyechukia uvivu kama ugonjwa, akiwaalika watu baada ya misa waje kucheza échecs, nilidhani wakubwa wana mchezo wa kuangushana darasa. Mmoja anasukuma kete, anamwambia mwenzake "échec", na mwenzake anashika kichwa. Nilimhurumia zaidi mfalme. Mfalme mzima, na msalaba juu ya kichwa, naye anapewa échec mbele ya askari wake.

Kisha vita vikafunga shule. Madarasa yakajaa watu waliokimbia vijiji vya nyuma ya milima, na nyumba yetu nayo ikajaa, ndugu na wasio ndugu. Papa akauhamishia mchezo kwenye baraza ya shule, akatundika ubao mweusi ukutani. "Kijana mwenye anafikiri farasi yake, hana nafasi ya kufikiri bunduki," alisema. Vijana wakaja, na baba zao wakaja kuwaangalia. Kila mchezaji alikuwa na cote yake ubaoni, yaani alama zake, kama shuleni, isipokuwa hizi zilipanda na kushuka. Ukimshinda mwenye cote kubwa unapanda sana, ukimshinda mnyonge unaokota makombo. Ya juu kabisa ilikuwa ya kaka yangu Bauma, mzaliwa wa kwanza wetu, mrefu na mwembamba, ambaye masomo yake ya sekondari yalikatika njiani. Ndiye aliyenifundisha kwamba farasi hatembei, anaruka mto.

Mashine ililetwa na Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka kwetu na lori la kuleta mali. Alikuwa mtu wa utani na rozari, vyote viwili kwa wingi. Siku hiyo alishuka na sanduku la karatasi, akatoa ubao wa sataranji wenye vitaa vidogo vyekundu pembezoni. Ukibonyeza kete yako juu ya nyumba, yaani mraba, inakokwenda, mashine inalia kidogo, inafikiri, kisha vitaa viwili vinawaka kuonyesha inataka kete yake iende wapi.

"Directeur, huyu hapa anashinda Bazungu," Papa Kambale alisema. "Angalia, bameandika cote yake juu ya carton."

Papa alivaa miwani, akaisoma carton, akairudisha. "Hii cote alipewa kule, na batu ba kule. Hapa atatafuta ya hapa, sawa mutu yeyote mwenye anafika fasi mupya."

Papa Kambale akacheka, kisha akawageukia watu wote wa baraza. "Bon. Basi musikie. Mu gari yangu kuko fasi moja mbele, pembeni ya chauffeur. Kijana mwenye cote yake itapita ya mashini, nitaenda naye Butembo. Atalala kwangu, atasoma mpaka amalize. Kama mashini njo inapita bote, basi fasi ni yake, nitaifunga na kamba juu ya kiti."

Vijana walicheka. Baba zao hawakucheka. Wakati ule, kuwa kijana mwenye mgongo wenye nguvu kulikuwa hatari kuliko ugonjwa. Wenye bunduki walipita, leo kundi hili, kesho lile, kila mmoja na jina lake na hasira zake, lakini wote walitaka kitu kimoja: wabeba mizigo leo, na keshokutwa mbeba mizigo apewe bunduki. Kila baba aliyekaa kwenye benchi ile aliitazama nafasi ya mbele ya lori kama mlango. Mama yangu naye. Nilimsikia akimwambia Papa, huku akipepeta maharagwe, "Bauma akienda, mi nitalala usingizi."

Papa akaona kwamba mchezo umeacha kuwa mchezo, na kwamba hakimu ni baba wa mchezaji wa kwanza. Hakutaka mtu aseme kesi ya nyani imepelekwa kwa ngedere. Akaanza kuweka sheria, na sheria zake zote zilikuwa za kuilinda mashine, ambayo haikuwa na baba pale. Mashine ilianza na cote ya kati, kama mgeni yeyote. Ilicheza asubuhi tu, kwenye mwanga, na kila kijana ilimbidi akutane nayo zaidi ya mara moja, maana mara moja inaweza kuwa bahati. Na kwa kuwa mashine haina mkono, mtu mmoja lazima asogeze kete zake mahali taa zinapoonyesha. Hapo kila baba alimwogopa mwenzake. Mwishowe wakakubaliana kwamba mkono utakuwa wa Directeur.

Ndivyo Papa alivyokaa upande wa mashine. Mimi nilikuwa nimeishia mwaka wa pili wa shule ya msingi, na kutoka nilipokaa, kwenye ngazi ya baraza, sikuona vitaa. Nilimwona Papa akikaa mbele ya vijana wetu, mmoja baada ya mwingine, akiutazama ubao, kisha akinyoosha mkono na kuwaambia, "échec." Nilidhani ndiye anayewaangusha.

Majiwe yalizimika katikati ya mchezo mmoja. Baba mmoja akasimama. "Imekufa. Basi imefeli."

"Mutoto akishikwa na malaria siku ya examen, tunamuandikia échec?" Papa aliuliza. "Hapana. Tunamungoja apone."

Majiwe yakaanikwa juu ya bati mpaka jua likawa kali. Mashine ilipoamka ilikuwa imesahau kila kitu, kwa hiyo Papa akaurudia mchezo wote tangu mwanzo kwa kichwa, kete kwa kete, ili wafike pale walipoachia. Nayo, kila aliposogeza kete ya kijana yule, ikajibu vilevile ilivyojibu mwanzo. Watu hawakushangaa. Bauma peke yake alisogea karibu, akaangalia bila kupepesa.

Mama alikuwa akipita na beseni la maji. Alisimama, akayatazama majiwe kwenye bati, akawatazama vijana kwenye benchi. Siku zile nyumbani kwetu chungu kilikwenda motoni mara moja, jioni, na wageni walikuwa wengi kuliko viazi. "Jiwe likichoka munalianika," alisema. "Mutoto akichoka munamufanya nini? Munapima mashini, ao munapima njaa yetu?"

 Papa alifuta miwani yake, kisha akaita jina lililofuata.

Wengi walishindwa. Cote ya mashine ikapanda ubaoni, ikawapita wote isipokuwa Bauma, kisha ikampita na Bauma. Naye alipokuja kucheza, asubuhi yenye ukungu, alifanya kitu ambacho hata mimi nilikiona cha wazimu: alimtoa malkia wake, akamwacha aliwe. Baraza zima likaguna. Mkono wa Papa ukamchukua malkia ukamweka pembeni. Ndipo farasi wa Bauma akaruka, na kaka yangu akasema kwa sauti ndogo, "Échec et mat," yaani mfalme hana pa kukimbilia. Mashine ikalia mlio mrefu. Mtu alikuwa ameipa wino mwekundu hatimaye, na nilifurahi mpaka nikateremka ngazi na kukimbia kuzunguka shule.

Papa akapiga hesabu. Bauma alikuwa bado chini kidogo. Akishinda tena, angepita.

Siku ya mchezo wa pili Papa Kambale alikuwa ameshapakia mali, na lori lilikuwa limeelekezwa kichwa barabarani. Bauma alisogeza kete upesi, bila kufikiri, na mashine ikajibu, na Bauma akasogeza tena. Mkono wa Papa uliendelea kwa muda, kisha ukasimama hewani.

"Hii ni partie ya juzi, muchezo ule ule."

"Njo hiyo, Papa."

"Unakopia."

Bauma aliinua uso. "Nakopia kwa nani? Ni yangu. Mutu anaweza kukopia yeye mwenyewe?"

"Weye unakumbuka, yeye hakumbuke," Papa alisema. "Ukicheza hivi unaweza kumushinda mara mia, na hatutajua kitu juu yake, wala juu yako. Ushindi huu tulishauhesabu. Anza ingine."

"Directeur," Papa Kambale alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, "mashini ni yangu, na mimi nasema aendelee."

Papa hakumtazama. Aliwatazama wale baba kwenye benchi, ambao watoto wao walikuwa wameshindwa bila kujua siri ile.  "Anza ingine, Bauma," alisema tena, na akazirudisha kete mwanzo.

Mchezo mwingine ulikuwa mrefu. Jua lilipanda, Bauma alianza kujipangusa jasho, na mara mbili nilimwona akifumba macho kama mtu anayetafuta jina la mtu. Alikuwa hajala tangu jioni ya jana yake. Mashine iliwasha vitaa vyake polepole, bila haraka, na mkono wa Papa ulisogea, ukasogea, mpaka ukamweka malkia mbele ya mfalme wa kaka yangu.  "Échec et mat," Papa alisema, na alisema chini sana hivi kwamba wa nyuma waliuliza amesema nini.

Mimi nilisikia. Baba yangu alikuwa amemwangusha mtoto wake mwenyewe mbele ya watu. Nilikaa na jambo hilo miaka mingi.

Papa Kambale alimvuta Papa pembeni, karibu na ngazi niliyokaa. "Acha nimuchukue tu. Nani atasema?"

"Ukimuchukua huyu, uchukue na bale," Papa alijibu, akielekeza kidevu kwenye benchi. "Kuko fasi?"

Hapakuwa na nafasi. Papa Kambale alipanda lori lake na kiti cha mbele kitupu. Mashine alituachia. "Ikae hapa, vijana bajizoeze," alisema. "Nikirudi, tutaanza upya." Lori likashuka mlima, likapotea kwenye kona. Njia ilifungwa nyuma yake, na hatukumwona tena.

Walimchukua Bauma shambani. Maharagwe yalikuwa yameanza kutoa maua. Watu wenye bunduki waliteremka kutoka juu, wakachagua migongo, wakamwekea kila mmoja mzigo kichwani, wakaelekea upande wa msitu. Mama alipopata habari alitoa kiazi kilichokuwa jivuni, akakifunga katika jani la mgomba, akawafuata mbio. Mbele kidogo walimrudisha. Alirudi nacho mkononi, akakiweka juu ya meza, na nyumba ile iliyojaa watu wenye njaa haikukigusa.

Muda mfupi baadaye nasi tukakimbia. Tulitembea kwa miguu kuelekea Walikale, kwenye matope na mvua ya msitu, Mama na sufuria kichwani, mimi na mdogo wangu tukishika kanga yake. Papa alibeba mashine, imefungwa kwenye shati. Mama alimuuliza mara moja tu kwa nini habebi unga. 

Walikale tulipewa chumba nyuma ya paroisse, yaani kanisa la parokia. Pale palikuwa na phonie, ile redio ya kuitana na watu wa mbali: sanduku lenye taa na milio, unaita kijiji, unasema jina la mtu wako, unangoja. Papa alikwenda mara kwa mara kumuulizia Bauma. Sanduku lililia, likawaka, mtu wa upande wa pili akasema hapana, hatujamwona.

Akirudi, Papa aliketi mlangoni na kuifungua mashine. Alicheza peke yake, upande ambao si wake, akisogeza upesi bila kufikiri. Vitaa viliwaka, naye akasogeza kete za mashine, kisha tena za upande wa pili. Siku moja nilimsikia akisema, si kwangu, "Hapa Bauma anatoa dame," yaani malkia. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: hii nayo ni phonie. Ina taa, inalia, na upande wa pili yuko kaka yangu msituni, anajibu.

Nilingoja Papa aende kanisani. Nikaifungua, nikabonyeza nyumba moja, nikasema polepole mdomo ukiwa karibu, "Kaka, uko wapi?" Ikalia mlio wa kukataa. Nikabonyeza nyingine, na nyingine. Ikakataa zote. Papa alinikuta hapo.

"Unatafuta nini?"

"Ninamuuliza iko wapi."

Nilitegemea kofi. Papa alikaa chini kwenye udongo, nyuma yangu. "Haisikie, mama," alisema. Papa aliniita mama alipokuwa na huruma nami. "Haiko na mutu ndani. Inajua paka kujibu tu. Lakini ukicheza yenye Bauma alicheza, inakujibu yenye ilimujibu yeye. Yote. Haibadilishe hata moja."

Akashika mkono wangu ndani ya mkono wake, ule uliokuwa mkono wa mashine, akanipitisha mchezo mzima: pioni, yaani askari mdogo, farasi, pioni, yule malkia anayeachwa aliwe, na farasi tena. Mashine ikalia mlio mrefu. 

"Mi nilisema amekopia," Papa alisema. Mpaka kufa kwake sikumsikia akilirudia neno lile.

Kwa muda mrefu nilimchukia kwa ajili ya mkono ule. Baadaye, shule zilipofunguliwa nami nikasoma, nilielewa kwamba haukuwa wake, ulifuata taa. Baadaye zaidi nilijua kwamba kwingine duniani, mahali penye chai mezani na saa mbili za kuwapimia wachezaji muda, watu waliopima mashine kama ile walihangaika na maswali yale yale ya baraza yetu: ikizimika ni kushindwa, mchezo uliorudiwa unahesabiwa vipi, nani awe mkono wake. Papa aliyajibu yote vizuri. Sioni kosa katika sheria zake, na nimezitafuta. Lakini kipimo alichopimia kilikuwa watoto waliolala njaa, na swali la Mama halikupata jibu siku ile wala leo. Bauma hakurudi. Ningependa kuwa na hasira na mtu mmoja, nikamaliza, lakini simpati wa kumkasirikia.

Jana nilisafisha vyuma vya mashine kwa limau na kitambaa, nikakwangua kutu, nikaweka majiwe mapya. Ikalia. Binti yangu mdogo akaja mbio kuona ni simu gani. Nikapanga kete za Papa, zilizobaki na vizibo vya chupa mahali pa zilizopotea, nikaanza. Pioni. Farasi. Pioni. Vitaa vikawaka palepale nilipojua vitawaka.

"Mama, mbona unacheza bila kufikiri?"

"Si mimi ninayecheza," nilimwambia. "Ni mjomba wako."

Alitazama mlango, akautazama ubao. Tulipofika kwa malkia akanishika mkono nisimwache aliwe. Nikamwambia angoje. Farasi akaruka, mashine ikalia mlio wake mrefu, na binti yangu akauliza kama mjomba ameshinda.

"Ameshinda."

"Basi tuanze upya," alisema.

Akakaa upande wa Bauma, nami nikahamia upande wa mashine nikawa mkono wake. Nikamtajia kete moja baada ya nyingine, naye akazisogeza, na mashine ikamjibu kaka yangu.